Niliyojifunza kwa kusikiliza redio bubu za masafa mafupi

Ripoti ya kwanza niliyomtumia mwenye kituo cha redio kisicho na leseni, kumweleza jinsi nilivyomsikia, ilikuwa ya uongo. Ilikuwa Jumapili moja ya Januari 2016, saa kumi na dakika ishirini jioni, nami nilikuwa nimekaa barazani kwangu Pasua, mjini Moshi, simu mkononi na visikilizio masikioni. Kupitia intaneti nilikuwa nimefungua kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente kilichoko Enschede, Uholanzi, ambacho tangu mwaka 2008 kimemwezesha mtu yeyote mwenye bando, popote alipo duniani, kuchagua masafa anayoyataka na kusikia kile ambacho antena ya huko inakisikia. Muziki ulikuwa safi kabisa, mtangazaji alikuwa akisoma salamu za wasikilizaji wa Ujerumani na Ireland, nami nikaingiwa na tamaa ya kutajwa pamoja nao. Nikamwandikia barua pepe kwamba nimemsikia Moshi, Tanzania, kwa redio ya Tecsun iliyofungwa waya wa mita ishirini. Redio hiyo nilikuwa nayo kweli, na waya ulikuwa umetundikwa kweli kutoka kwenye paa langu hadi kwenye mparachichi wa jirani, ila siku hiyo redio ilikuwa kabatini na waya haukuwa umeunganishwa na chochote.

Majibu yalikuja baada ya siku mbili, yakiwa na upole ulioniumiza kuliko ambavyo matusi yangeniumiza. Aliandika kwamba amefurahi sana kupata barua kutoka chini ya Mlima Kilimanjaro, lakini saa niliyoitaja jua lilikuwa bado linatuangazia sote wawili, kwa hiyo angependa kujua nilitumia kipokezi gani.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilielewa swali lile kabla sijafika mwisho wake. Vituo vingi vya aina yake hurusha matangazo kati ya kilohezi 6,200 na 6,400, katika eneo ambalo wasikilizaji huliita mita bendi ya 48, na mawimbi ya hapo mchana hayasafiri mbali. Jua linapokuwa juu, tabaka la chini la ionosfia, yaani anga la juu lenye chembe za umeme, lile linaloitwa D, huyameza mawimbi hayo kabla hayajapanda, hivyo kinachobaki huishia kwenye nchi za jirani. Jua likizama, tabaka hilo hutoweka upesi, mawimbi hupanda hadi tabaka F lililo kilomita mia kadhaa juu yetu, yakarudishwa ardhini, yakadunda, yakapanda tena, na kwa kurukaruka huko ndipo yanapoweza kufika bara jingine. Kutoka Uholanzi hadi Moshi ni takriban kilomita 7,000. Kudai kwamba nilisikia kituo kile saa kumi jioni, tena kwa usafi ule niliouandika, ilikuwa sawa na kudai kwamba nimekiona kilele cha Kibo kutoka Dar es Salaam.

Nilimjibu usiku uleule, nikaungama yote. Naye alijibu kwa mistari miwili tu: kwamba kusikiliza kwa kipokezi cha intaneti si kosa hata kidogo mradi mtu akitaje, na kwamba siku nitakapomsikia yeye au mwenzake yeyote kwa waya wangu mwenyewe, niandike hata kama nimesikia nusu ya neno. Nikaweka nadhiri ya kufanya hivyo. Ilinichukua karibu miaka minne.

Kwetu Tanzania jambo linaloendeshwa bila kibali huitwa bubu. Tuna bandari bubu, tuna machinjio bubu, na kila msomaji wa magazeti anajua maana yake. Nilipomweleza mke wangu kwamba kinachonikesha ni redio bubu, aliniuliza kwa dhati, “Sasa kama ni bubu, utaisikiaje?” Nimelifikiria swali hilo mara nyingi. Kituo kikubwa cha masafa mafupi hurusha kwa kilowati 100, 250, hata 500, ndiyo maana wazee wetu waliyapata mashirika ya Ulaya na Asia kwa redio ndogo yenye antena ya kuvuta tu. Mwenye redio bubu mara nyingi ana wati 20, 50 au 100, yaani nguvu inayolingana na ile ya balbu za zamani za kuwashia sebuleni, na anazitawanya juu ya dunia nzima. Ukikaa huku Moshi, kweli ni bubu. Anasema, lakini karibu sauti yake yote inapotea kabla haijakufikia, na kazi ya msikilizaji ni kukitafuta hicho kidogo kilichobaki.

Watu hawa hawakuanza jana. Asili yao iko baharini, pale Radio Veronica ilipoanza kutangaza mwaka 1960 kutoka kwenye meli nje ya pwani ya Uholanzi, na Radio Caroline ilipoanza wakati wa Pasaka ya mwaka 1964 nje ya pwani ya Uingereza, kwa sababu redio za taifa za wakati ule ziliwapa vijana muziki wao kwa saa chache mno. Uingereza ilipitisha sheria ya kuzibana mwaka 1967, Uholanzi ikafuata, na tarehe 31 Agosti 1974 Veronica ikanyamaza baharini. Baadhi ya waliokua na sauti hizo waliamua kuziendeleza nchi kavu, kwenye vibanda vya bustani na vyumba vya juu vya nyumba zao, kwa mitambo waliyoiunda wenyewe. Wengi hutangaza mwisho wa juma na siku za sikukuu. Hawauzi chochote, hawana matangazo ya biashara, na malipo yao makubwa ni barua ya mtu wa mbali anayesema, nimekusikia. Wamarekani nao wana wao, ambao hukusanyika karibu na kilohezi 6,925, ila hao sijawahi kuwapata kwa waya wangu mwenyewe, nimewasikia kwa intaneti tu.

Sitaki msomaji adhani kwamba nawatetea katika kila jambo. Kurusha matangazo bila leseni ni kosa huko kwao na ni kosa hapa kwetu, ambako leseni hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na sijawahi kuwa na hamu ya kuwa na mtambo. Tena masafa wanayoyatumia yametengwa kimataifa kwa mawasiliano ya meli, na kilohezi 6,215 ni masafa ya wito wa dharura baharini. Mtu anayepiga muziki hapo anaweza kumfunika nahodha anayezama. Wenye busara hupakwepa, nami naona jambo hili halina mjadala: kituo nikikisikia pale, sikiandikii ripoti, kiwe kizuri namna gani.

Lakini pia nimelelewa katika nchi inayojua kwamba redio halali kwa mmoja inaweza kuwa haramu kwa mwingine. Baba yangu alikuwa na redio ya National ya bendi tatu, iliyovishwa kitambaa cha kufuma na kuwekwa juu ya kabati la vyombo kule kwetu Kibosho, na alizoea kunisimulia jinsi Radio Tanzania Dar es Salaam ilivyowapa wapigania uhuru wa kusini muda wa kutangaza kwa masafa mafupi. Radio Freedom ya ANC ilifunguliwa kwa mlio wa bunduki, na mtu aliyeisikiliza Afrika Kusini aliisikiliza kwa siri, sauti ikiwa chini, maana kukutwa nayo kulikuwa kosa la jinai. Baba alisema kwamba zile jioni alikuwa akimfikiria huyo msikilizaji wa Soweto kuliko mtangazaji. Redio za namna hiyo ni jambo jingine kabisa na haifai kuzichanganya na za wapenda muziki wa Ulaya, ila ni kutoka kwa baba nilikopata mazoea ya kumfikiria mtu aliye upande wa pili, anayetega sikio.

Baada ya ile barua ya 2016 nilianza kazi halisi, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba nyumba yangu ilikuwa na kelele. Sizungumzii kelele za watoto au bodaboda, bali zile zinazoingia redioni tu. Nilikuwa nikifungua kilohezi 6,200 usiku nasikia mvumo mnene kama wa mashine ya kusaga iliyo mtaa wa tatu, nao ulifunika kila kitu. Nilidhani ndiyo hali ya anga. Siku moja nikatoa betri mpya, nikaishika redio mkononi bila waya, nikazunguka nayo chumba kwa chumba nikiisogeza karibu na kila kifaa. Kwenye king'amuzi cha televisheni mvumo ulipanda mpaka ukawa mlio wa nyuki. Kwenye taa moja ya LED ya jikoni ulikuwa mkali zaidi, na taa nyingine ya bei hiyohiyo, iliyonunuliwa duka hilohilo, ilikuwa kimya. Chaja ya simu ya shilingi elfu tano, ikiwa imechomekwa tu bila simu, ilitoa mkwaruzo unaojirudia kila baada ya kilohezi sitini hivi. Nilichora ramani ya nyumba yangu kwenye daftari, nikaweka alama nyekundu kwa kila mkosaji, na kuanzia hapo, kabla ya kusikiliza, nilikuwa nikichomoa kimoja kimoja.

Baada ya hapo zilibaki kelele za majirani, na hizo huwezi kuzichomoa. Kwa hiyo umeme ukikatika mtaa mzima, wakati wengine wanalalamika na kutafuta mishumaa, mimi nilikuwa nikienda mbio kuchukua redio. Asiyewahi kusikiliza masafa mafupi dakika ile umeme unapokatika hawezi kujua ninachosema. Ule mvumo hukatwa ghafla, na nyuma yake hujitokeza anga lenyewe, ambalo siyo kimya, lakini ni kelele nyingine, laini, kama mvua ya mbali juu ya majani ya migomba, na ndani yake vituo ambavyo hukujua vipo. Ilikuwa katika giza la namna hiyo nilipoisikia redio ya Zanzibar kwenye kilohezi 11,735 ikija na taarab bila mkwaruzo wowote, nikatambua kwamba siku zote ilikuwepo, nyumba yangu ndiyo ilikuwa ikiifunika.

Kuhusu radi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila mwenye waya wa nje lazima aijue. Aprili 2017, katikati ya masika, niliacha waya umechomekwa nikaenda kazini. Radi haikupiga nyumba, ilipiga mbali, upande wa Njoro, lakini nguvu iliyoingia kwenye waya ilitosha kuua sehemu ya mbele ya redio. Fundi wa mjini aliifufua kwa kubadilisha transista moja ndogo, akaniuliza kama nina watoto. Nikasema ndiyo. Akasema basi waya huo uwe unatoka nje ya dirisha kila unapoondoka. Tangu siku hiyo hutoka.

Desemba ya 2017 na ya 2018 nilipanda Kibosho kama ilivyo desturi yetu, maana Mchaga asiyerudi nyumbani Krismasi huulizwa maswali. Nilikuwa na matumaini makubwa. Wakati huo usiku wa Ulaya ni mrefu, giza linaunganisha kwao na kwetu kwa saa nyingi, na tarehe 25 na 26 ndipo wenye redio bubu wa Uholanzi wanapotangaza kwa wingi, kwa kuwa kule Krismasi husherehekewa siku mbili. Kihambani kwetu nyumba ziko mbalimbali, umeme ni mdogo, kelele ni chache mno. Nilitundika waya kati ya migrevilea miwili, nikakesha usiku wote minne, miwili kila mwaka. Nilisikia Uchina, nilisikia Iran, nilisikia Waethiopia na wale wanaowapigia kelele ili wasisikike. Sikusikia hata redio bubu moja.

Nikiwa nimesimama nje alfajiri ya tarehe 27, mwaka 2018, nikitazama kule ambako Uholanzi iko, niliona kitu ambacho nilikuwa nimekiona tangu kuzaliwa bila kukifikiria. Upande wa kaskazini, na kaskazini kidogo magharibi, ulikuwa umezibwa na mlima. Mawimbi yanayotoka mbali huja yakiwa chini, karibu na upeo wa macho, na kutoka Kibosho upeo wa upande huo ni ukuta unaopanda hadi mita 5,895. Siwezi kuthibitisha kwamba mlima ndio ulionizuia, kwa kuwa kuna mambo mengi yanayoweza kunyamazisha wati 50 katika kilomita 7,000, ila nilichukua ramani, nikapiga mstari kutoka Moshi kwenda Amsterdam, nikaona kwamba ukianzia Boma Ng'ombe mstari huo unapita juu ya tambarare ya Sanya Juu, katika uwazi ulioko kati ya Kilimanjaro na Meru. Na Boma Ng'ombe ndiko alikoolewa dada yangu.

Vuli ya mwaka 2019 ilikuwa nzito kuliko nyingi ninazozikumbuka. Mvua ilinyesha mpaka Desemba, barabara za kupanda mlimani ziliteleza, na nilimwomba mama radhi kwamba tarehe 26, baada ya chakula cha mchana, nitashuka na binti yangu wa miaka kumi na mitatu kwenda kumsalimia shangazi yake. Mama alijua ninachokifuata na akaniachia. Jua nalo lilikuwa katika kipindi chake cha utulivu. Wanasayansi baadaye waliuhesabu mwezi uleule kuwa mwisho wa mzunguko wake wa miaka kumi na mmoja na mwanzo wa mwingine, na jua linapotulia, masafa ya chini kama yale huwa na usiku mzuri.

Shemeji alinisaidia kufunga waya kutoka kwenye nguzo ya tangi la maji hadi kwenye mgunga ulio nje ya uzio, mita ishirini na nane, tukauelekeza kwa kukisia ili ubavu wake utazame uwazi ule. Tulikaa nyuma ya nyumba, mimi na binti yangu, juu ya mkeka, tukiwa na redio, daftari, tochi na saa niliyokuwa nimeirekebisha kwa sekunde, kwa maana ripoti isiyo na saa sahihi haimsaidii mtu. Juu yetu, mapema usiku, tuliiona ndege ikishuka kuelekea KIA, na nilimwambia binti yangu kwamba ikiwa ni ile itokayo Amsterdam, basi imetumia takriban saa nane kuja, na kwamba sauti tunayoitafuta inakuja njia ileile kwa muda usiofika sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Aliniuliza kwa nini basi tunaisubiri tangu saa mbili.

Saa nne na robo umeme ukakatika. Dada akatoka na taa ya sola, nami ikabidi nimwombe aizime, kwa kuwa taa ile ilikuwa ikilia redioni kama chaja zangu za Pasua. Akaleta mshumaa, akaketi nasi.

Saa tano na dakika nane, karibu na kilohezi 6,290, nilikuta mluzi. Redio ikiwa katika hali ya SSB, ambayo ni namna moja ya kupokea mawimbi, wimbi lolote hujitokeza kwa mluzi hata kama halijabeba sauti ya kutosha kusikika, na ukizungusha kitufe taratibu mluzi hushuka, unakuwa mnene, unakuwa mtetemo, kisha unatoweka, na hapo ndipo ulipo katikati yake. Nilizungusha mpaka ukatoweka. Nikashika pumzi. Kwa dakika mbili nzima hapakuwa na kitu zaidi ya mipasuko ya radi za mbali, labda za Ziwa Victoria, ambako mvua haziishi. Kisha muziki ukaja kama mtu anayepita kati ya migomba: unaona bega, majani yanamfunika, unaona mgongo, anapotea tena.

“Hiyo si taarab ya Unguja?” dada akauliza.

Nilishtuka, kwa sababu alikuwa amesikia sawasawa. Kilichokuwa kikija ni kodiani. Kwa sikio lililolelewa na redio zetu, kodiani inayopanda na kushuka usiku ni Zanzibar, na kama nisingekuwa nimetazama namba za masafa ningekubaliana naye. Lakini mapigo yake yalikuwa ya haraka na mepesi, moja-mbili, moja-mbili, na baada ya wimbo kuisha ikaja sauti ya mwanamume, ikazama, ikarudi, nami nikalisikia jina la kituo likitamkwa kwa Kiingereza mara moja tu, wazi, katikati ya wimbi lililokuwa likipanda. Sitaliandika hapa, kwa kuwa mwenyewe aliniomba nisilitangaze. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka kiasi kwamba mwandiko wa dakika ile kwenye daftari hausomeki.

Baada ya hapo sauti yake ilishuka na sikuweza kutofautisha maneno. Masikio yangu yamekaa karibu na kengele ya shule kwa miaka ishirini. Binti yangu alikuwa ameinama mpaka paji la uso linagusa spika. “Baba, amelisema tena lile,” alinong'ona. Nikamuuliza lipi. Akasema hajui, si Kiingereza, lakini amelisema mara tatu. Nilimpa kalamu nikamwambia aandike kama alivyosikia, kwa herufi za Kiswahili, asijaribu kulifanya liwe neno analolijua. Akaandika: *pretehe fezdahe*.

Mimi sikulisikia. Nilitega sikio mpaka saa tano na dakika arobaini na mbili, kituo kilipozama kabisa, na sikulisikia hata mara moja.

Kuandika ripoti ile kulinichukua siku mbili. Kuna utaratibu wa tarakimu tano unaoitwa SINPO, ambao kila tarakimu huanzia 1, iliyo mbaya kabisa, hadi 5, iliyo bora kabisa: nguvu ya wimbi, mwingiliano wa vituo vingine, kelele za anga, hali ya kufifia, na tathmini ya jumla. Katika barua yangu ya uongo nilikuwa nimeandika 35433, ripoti ya mtu aliyestarehe. Safari hii niliandika 15221: wimbi hafifu kabisa, hakuna aliyemwingilia, kelele nyingi, kufifia kwingi, na kwa jumla karibu halifai kitu. Nilitaja dakika nilizosikia muziki na dakika ambazo sikusikia chochote, na hizo za pili zilikuwa nyingi zaidi. Nilitaja kodiani, na kwamba dada yangu aliidhania taarab, nikaeleza taarab ni nini.

Nilipofika kwenye yale maneno mawili nilisita. Sikuwa nimeyasikia mimi, sikuyaelewa, na yalionekana si maneno. Ningeweza kuyaacha na ripoti ingekuwa nadhifu. Ningeweza pia kuyatafuta kwenye intaneti, nikapata neno la Kiholanzi linalofanana nayo, nikaliandika kwa tahajia sahihi kana kwamba nililisikia hivyo, na nakiri kwamba kwa muda wa kunywa chai kikombe kimoja nilifikiria kufanya hivyo. Niliandika hivi: kati ya saa 20:31 na 20:36 kwa saa za dunia, ambazo ziko saa tatu nyuma ya zetu, binti yangu wa miaka kumi na mitatu alisikia mara tatu maneno ambayo ameyaandika kama inavyoonekana hapa, mimi mwenyewe sikuyasikia, sote wawili hatujui Kiholanzi.

Majibu yalikuja katikati ya Januari, pamoja na picha ya kadi ya kuthibitisha kwamba kituo kimesikika. Mwenye kituo alieleza kwamba mtambo wake ni wa wati 40, aliuunda mwenyewe kwa vali za redio za zamani, zile za kioo, na kwamba usiku ule alikuwa amepata ripoti kutoka nchi za karibu kama kawaida. Kuhusu dakika zangu za muziki alisema zinaafikiana na orodha yake. Kisha akaandika kwamba alipofika kwenye maneno ya binti yangu alisimama, akamwita mkewe, akamsomea kwa sauti. *Prettige feestdagen*. Alikuwa akiwatakia wasikilizaji wake sikukuu njema, na alikuwa amerudia mara tatu kabla ya kuweka wimbo wa mwisho.

Nilikwenda kuichapa kadi ile kwenye steshenari ya mjini, kwa karatasi ngumu. Sehemu ya jina la msikilizaji ina majina mawili, na la kwanza si langu. Niliporudi nyumbani binti yangu alikuwa uani akifua sare za shule. Nilimpa, akajifuta mikono kwenye gauni, akaisoma, akaniuliza maana ya yale maneno. Nikamwambia. Akayatamka taratibu, kama alivyoyasikia yeye, si kama yalivyoandikwa pale, kisha akaingia ndani, akalifungua daftari kwenye ukurasa wa Boma Ng'ombe, na pembeni ya mwandiko wake wa penseli akaandika kwa kalamu ya wino: sikukuu njema.